Jumapili Nne

Jumamosi ile, saa kumi kasoro robo alasiri, geti liligongwa mara mbili, na Pini akajikuta ameacha kushona katikati ya mshono.

Alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha la sebule, akimalizia ukosi wa gauni la mteja, pini mbili zimebanwa midomoni. Tabia hiyo ndiyo iliyompa jina. Alianza kuitwa Pini akiwa binti wa miaka kumi na minne anayejifunza kukata kitambaa, na sasa, akiwa na ishirini na saba, hata baba yake halitumii tena lile jina la kwenye cheti. Akazitema kiganjani, akapangusa nyuzi mapajani, akamtazama baba aliyekuwa kwenye kiti chake cha mikono.

"Kamfungulie," baba akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi aliyoishika.

Nje ya geti alisimama Fundi, mchumba wake, akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa mgongoni, kama yalivyo mashati ya wanaume wanaoishi peke yao. Walitazamana. Siku kumi hawakuwa wameonana, kwa amri ya baba, na Pini alikuwa ameandaa maneno mengi ya kumwambia. Yote yakayeyuka.

"Umekonda," akasema.

"Mizani ya hospitali inasema nimeongezeka kilo mbili. Wenzangu wakiwa na mawazo hukonda. Mimi nakula."

Pini akacheka bila kutaka, kisha akakumbuka hali halisi, kicheko kikamkauka. "Baba amekasirika kweli kweli."

"Najua. Shangazi hajambo?"

"Yuko chumbani, kama kawaida yake. Tangu akatwe mguu hatoki, na wiki hizi hata mlango amekuwa akiufunga kwa ufunguo."

Fundi akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemeza neno. "Twende, tusimweke Mzee," akasema.

Fundi alitengeneza miguu. Nyuma ya hospitali kuu ya mji, ukipita chumba cha kufulia mashuka, kulikuwa na karakana ndefu yenye harufu ya gundi na ngozi, na watu waliopoteza miguu kwa ajali au kwa kisukari waliingia humo wakibebwa, wakatoka wakitembea. Pini alimfahamia humo, mwaka mmoja na nusu uliopita, alipopeleka mikanda ya turubai aliyokuwa ameagizwa kushona. Siku hiyo dereva mmoja mstaafu wa malori, mzee mwenye ulimi wa moto, alikuwa akimporomoshea Fundi matusi kwa sababu mguu mpya unambana. Alimtukana yeye, akamtukana na mama yake. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamsafisha kidonda cha goti taratibu, huku akimuuliza habari za barabara alizopita enzi zake. Baada ya robo saa yule mzee alikuwa anasimulia safari na kucheka mwenyewe. Pini alisimama mlangoni na mikanda mkononi, akasahau kilichompeleka. Aliporudi nyumbani alishona mkono wa gauni upande usiotakiwa, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Baba yake alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini alikuwa amepanda mawe ya mipaka kwenye viwanja vya watu, na alipostaafu akapewa uzee wa kanisa, akaendelea na kazi ile ile. Kanisa lao dogo lilikuwa na kanuni thelathini na tisa, zimechapwa na kutiwa kwenye fremu mlangoni: urefu wa sketi, vyakula vya kuepuka, vitu visivyoguswa siku ya Bwana, wachumba wakae umbali gani. Baba alizijua kama vidole vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa imevaa suti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa."

Fundi akakaa ukingoni mwa kochi. Pini akarudi kwenye cherehani ili mikono yake ipate pa kukaa.

"Katibu wa kanisa ameniletea hii," baba akasema, akiinua karatasi. "Jumapili nne mfululizo hukuwepo ibadani. Mbili kati ya hizo umeonekana ukitoka karakana na begi la vifaa, saa tatu asubuhi, wenzako wakiwa wanaimba. Kama ni uongo, sema."

"Si uongo, Mzee."

"Nne zote ulikuwa kazini?"

"Nne zote."

"Kulikuwa na mtu anakufa?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa kazi gani isiyoweza kungoja Jumatatu?"

"Hiyo siwezi kuisema. Ni siri ya mtu mwingine, na nilimpa ahadi."

Baba akaikunja karatasi mara mbili, akaipiga pasi kwa kidole gumba. "Sisi wazee tumekaa. Tumekuonea huruma kwa sababu unataka kuoa kwangu. Kesho usimame mbele ya kanisa, ukiri kwamba umeivunja siku ya Bwana, upokee adhabu ya miezi sita. Ukiimaliza, harusi itafungwa. Ukikataa, uchumba huu unaishia hapa."

Pini akasimamisha gurudumu la cherehani. Akamtazama Fundi. Fundi hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililomshangaza daima kwa mtu huyu: ungemtafutia hasira pale ambapo kila mtu angekuwa nayo, usiione, wala woga usiuone.

"Kusimama mbele za watu siogopi, Mzee," akasema. "Nina makosa mengi, hata ukinipa asubuhi nzima sitayamaliza. Lakini hili si mojawapo. Nikiliita dhambi, nitakuwa nimesema uongo mbele za Mungu ili niruhusiwe kuoa."

"Kwa hiyo wewe umekuwa mkubwa kuliko kanuni."

"Mimi ni mdogo sana. Naomba nikueleze jambo moja, unikasirikie baadaye."

"Eleza."

"Nilizishika zote thelathini na tisa. Wewe mwenyewe uliwahi kunisifu mbele ya vijana. Kila Jumamosi nilikaa na karatasi, natia alama: hii nimeshika, hii nimeshika. Ikafika wiki nikatia alama zote, hakuna iliyobaki. Nilifurahi kama mtoto. Jumatatu akaja mama mmoja karakana, kidonda kinanuka, nikamchukia. Nilimhudumia nimegeuza uso pembeni. Alipoondoka nikajiuliza, nimetimiza yote, mbona simpendi mtu hata mmoja? Niliyempenda alikuwa yule kijana wa kwenye karatasi tu."

Nje, mtu alipita akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia. Wakasubiri lipite.

"Ikawaje?" Pini akauliza. Hakuwa amekusudia kusema.

Fundi akamgeukia, na macho yake yakalainika. "Nikalia. Nikamwambia Kristo alama zangu si kitu, nichukue hivi hivi nilivyo. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Lakini yule mama aliporudi wiki iliyofuata, nilifurahi kumwona. Sikujilazimisha. Kulikuwa na kitu kimeanza kuishi ndani yangu ambacho hakikutoka kwangu. Nikajua ndiye Roho tuliyekuwa tukiimba habari zake miaka yote. Tangu hapo, Mzee, nimejaribu kurudi kwenye karatasi, nimeshindwa."

"Maneno matamu," baba akasema. "Nimewaona wengi wanaodai Roho anawaongoza. Amewaongoza hadi baa. Wengine hadi kwa wake za watu."

"Anayewapeleka baa ni kiu, Mzee. Roho hajatajwa hapo."

Pini akauma mdomo asicheke. Baba hakucheka. Uso wake ulikuwa umeshuka, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mchovu zaidi.

"Wewe ulikuwa mtoto, hujui nilikuwa nani. Mama yake huyu alikuwa akiniokota barabarani mchana kweupe, watu wanatazama. Kanuni ya nne ndiyo iliyonitoa glasi mkononi. Leo unakuja nyumbani kwangu kuniambia ni karatasi."

Fundi akasogea mbele, viwiko magotini. "Sisemi hivyo, na Mungu anisamehe kama nimesikika hivyo. Mfupa ukivunjika tunaufunga plasta ngumu. Bila hiyo plasta, mtu angebaki kilema. Lakini mfupa ukishaunga, tunaikata. Tukiiacha kwa kuipenda, nyama inakonda humo ndani na mguu unasahau kutembea. Plasta haikukosea, ni muda wake tu umekwisha." Akamtazama baba machoni. "Leo hii, Mzee, hunywi kwa sababu ya kanuni ya nne, au kwa sababu hutamani tena?"

Baba akaikunjua ile karatasi, akaikunja tena. Pini akamhurumia.

"Usinihoji kwangu," baba akasema hatimaye. Kisha, kama mtu aliyekumbuka silaha nyingine mfukoni: "Na viatu?"

"Viatu?"

"Mke wa Katibu alikuona dukani ukinunua viatu vya kike. Vya kahawia, soli nene, vya kamba. Haya, mwanangu, umepewa viatu?"

Pini akatikisa kichwa. "Hapana, baba."

Baba akasimama. "Nakwenda kunawa uso. Nikirudi nataka jibu, na nalitaka kutoka kwenu wote wawili."

Nyayo zake zikapotea koridoni. Pini na Fundi wakabaki na gauni ambalo halijamalizika katikati yao.

"Ni vya nani?" Pini akauliza.

"Vya mtu niliyemwahidi."

"Ni mwanamke."

"Ni mwanamke."

"Unanitazama machoni unaniambia hivyo?"

"Ningekwambia nikiwa nimetazama wapi?" Akasogea karibu na cherehani. "Pini, nakupenda. Nakupenda hata nikipima mguu wa mgonjwa naandika tarehe ya harusi badala ya sentimita. Lakini nikivunja ahadi ya mtu mnyonge ili nikupate, utakuwa umeolewa na mwanamume usiyemjua."

Machozi yakamlenga Pini. Akayazuia. "Na baba akikataa moja kwa moja?"

"Ukitaka tungoje, nitangoja. Ukiona huwezi kumvunja moyo mzazi wako, nitaumia, lakini sitasema wewe ni mtumwa wa kanuni. Uhuru niliopewa haukuja kukutenganisha wewe na kwenu. Ungekuwa wa namna hiyo, ningeurudisha."

Pini aliitazama mikono ile. Kidole cha shahada kilikuwa na ukucha mweusi uliogongwa na nyundo, na kwenye kiganja kulikuwa na alama ya gundi ya moto. Akakumbuka miaka yake mwenyewe: asubuhi za kupima pindo la sketi kwa rula, kuuma ulimi kabla ya kucheka, kulala akihesabu alichokosea. Yote aliyafanya vizuri, na yote aliyafanya kwa kuogopa. Hata upole wake ulikuwa wa kuogopa. Mtu huyu upole wake haukumgharimu; ulimtoka tu, kama pumzi. Kabla ya kumpenda, Pini alikuwa amemwonea wivu.

Baba akarudi, maji yanametameta kwenye nyusi. Pini akasimama.

"Baba, naomba nianze mimi."

"Sema, mwanangu."

"Sijui viatu ni vya nani. Sijui Jumapili nne alikuwa wapi. Namwamini."

"Kwa ushahidi gani?"

"Nilimwona akitukanwa, akiwa hajui kama kuna mtu anamtazama." Akavuta pumzi. "Nitaolewa naye. Sitatoroka, wala sitafunga harusi ya kujificha. Nitakaa hapa hapa, nitakupikia na kukuheshimu mpaka siku utakayonishika mkono mwenyewe ukanikabidhi, hata ikichukua miaka. Lakini usinitafutie mwingine. Maisha yangu yote nimekutii kwa sababu ninakuogopa, na nimemwogopa Mungu hivyo hivyo. Sitaki tena. Nataka nikutii kwa sababu nakupenda."

Baba akamtazama kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila kubisha. Midomo yake ilianza kusema kitu.

Ndipo wakasikia hatua koridoni. Moja nyepesi, moja nzito. Moja nyepesi, moja nzito. Fundi aliinuka ghafla, kisha akajizuia, akabaki amesimama mikono ikiwa nusu hewani.

Mlangoni akatokea Shangazi.

Alikuwa dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemlea Pini baada ya mama kufariki, na kwa miaka ishirini alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Miezi tisa iliyopita kisukari kilimpokonya mguu wa kulia chini ya goti, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona nje ya chumba chake. Sasa alikuwa wima, mkono mmoja ukutani, jasho likimtiririka mashavuni. Alikuwa na miguu miwili. Miguu yote miwili ilikuwa ndani ya viatu vya kahawia, vya kamba.

"Mdogo wangu," akasema, akihema, "nipishe kwenye hicho kiti kabla sijaanguka nikamharibia fundi kazi yake."

Baba, aliyekuwa bado wima mbele ya kiti chake, akasogea pembeni. Pini alitaka kukimbia kumshika, lakini Fundi akatikisa kichwa.

"Mwenyewe, Shangazi," akasema taratibu. "Zimebaki hatua nne. Macho mbele, usiitazame sakafu."

Akazitembea. Ya tatu ilimyumbisha, wote watatu wakavuta pumzi kwa pamoja, na ya nne ikamfikisha kwenye kiti cha baba. Akakaa kwa kishindo, akafumba macho, akatabasamu.

"Haya, sasa nisikilizeni, maana nilikuwa nyuma ya mlango nimewasikia wote. Jumapili ndiyo siku pekee nyumba hii inakuwa tupu. Sikutaka mtu anione nikianguka. Siku ya kwanza nilianguka mara saba, na huyu kijana alinitandikia magodoro yote ya nyumba hii, akayarudisha kabla hamjatoka kanisani. Nilimwapisha asimwambie mtu, hata mchumba wake. Viatu nilimtuma mimi, nikampa kipimo cha uzi. Nilidhani anapata adhabu ndogo. Kumbe anapoteza mke, na bado amefunga mdomo."

"Dada," baba akasema, na sauti haikutoka vizuri. "Mimi ni ndugu yako. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeuliza ni siku gani kabla ya kuuliza mguu unaendeleaje."

Hakusema kwa ukali. Labda ndiyo maana baba alihitaji kukaa, na kwa kuwa kiti chake kilikuwa na mtu, akakaa kwenye kigoda cha Pini, kando ya cherehani, magoti juu kama mwanafunzi.

"Miezi tisa," Shangazi akaendelea. "Katibu alikuja mara moja. Alikuja kunisomea kanuni ya ishirini na mbili, kwamba nimefutwa kwenye kwaya kwa kutohudhuria. Alisoma kwa heshima sana. Hakuuliza kama panauma. Huyu hakutumwa na kanuni yoyote. Nilimuuliza, 'Kijana, nani amekutuma kwangu?' akasema, 'Nilikuwa napiga msasa mguu wa mtu, jina lako likanijia moyoni, halikutoka.' Mimi nimezeeka kanisani, mdogo wangu. Namjua Roho akipita chumbani."

Baba alivitazama viatu vile muda mrefu. Kisha akasogea mbele, akanyoosha mkono na kugusa, kwa woga, pale ambapo ngozi ya dada yake iliishia na mguu wa bandia ukaanzia.

"Panauma?" akauliza.

"Jioni panauma."

"Pole, dada." Machozi yakamdondoka mkononi, akayaacha. "Pole sana. Nisamehe."

Pini aligeuza uso kwenye dirisha. Alipogeuka tena, Fundi alikuwa anamtazama, na mtazamo ule ulimwingia mpaka kwenye vidole vya miguu. Uliniamini kabla, macho yale yalisema. Naye akajibu kwa macho hayo hayo: kabla kabisa.

Hakuna aliyezungumzia harusi jioni ile. Baba aliuliza jambo moja tu, Fundi alipokuwa anaaga. Aliuliza kama Shangazi ameshafundishwa ngazi, maana mlango wa kanisa una ngazi sita. Fundi akasema bado.

Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, Katibu alikuwa mlangoni mwa kanisa, chini ya fremu, na kitabu cha mahudhurio mkononi. Ndani walishaanza wimbo wa kwanza. Akawaona wanakuja: Shangazi katikati, baba amemshika mkono wa kushoto, Fundi upande wa kulia, Pini nyuma na mkoba wa Biblia. Kwenye ngazi ya tatu kifundo cha ule mguu kikaanza kulegea. Fundi akapiga goti hapo hapo, mbele ya watu wote waliochelewa, akatoa bisibisi na kuanza kukaza.

Katibu akashuka ngazi mbili, akamwinamia baba sikioni, lakini Pini alisikia.

"Mzee, huyu anafanya kazi mlangoni mwa kanisa, siku ya Bwana."

"Namwona," baba akasema. "Begi lake la vifaa nimelibeba mimi."

Katibu akatazama, na kweli begi lilikuwa begani kwa Mzee, limeukunja ukosi wa suti. Akapekua kitabu chake kwa fadhaa. "Sasa mimi, Mzee, nitamwandikaje? Jina lake wazee mlikuwa mmelisimamisha. Nimwandike yupo, au hayupo?"

Baba alimsubiri Fundi amalize, amsaidie Shangazi kuweka mguu kwenye ngazi ya nne, ya tano, ya sita, hadi Shangazi mwenyewe akasimama juu, akahema mara moja, na sauti yake ya kwanza ikaingia ndani kabla yake, ikaushika wimbo pale ulipokuwa umefika. Watu wakageuka kwenye viti. Fundi alibaki ngazi moja chini yake na bisibisi mkononi, vumbi magotini, akimtazama Shangazi kwa uso uliojaa furaha.

"Mwandike mkwe wangu," baba akasema. "Yupo."

Akamgeukia Pini, akamwachia nafasi ya kupita kwanza.